Hatua kumi na nne: shajara ya mradi wangu wa kuwajua nyoka

Siku ya 1. Hofu 9. Umbali: hatua 14.

Naanza kuandika kwa sababu ya kipande cha mpira wa maji.

Jana jioni nilikuwa nyuma ya nyumba na binti yangu wa miaka minne. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Kwenye majani nikaona kitu cheusi kimejipinda, na kabla akili haijakipa jina, miguu ilikwisha kunitoa pale. Nilipojitambua nilikuwa kizingitini, moyo unadunda hadi masikioni, na mkono wangu haukushika mkono wa mtu. Mtoto alikuwa amebaki kulekule, kasimama kando ya kile kitu. Hakukitazama hata kidogo. Alinitazama mimi, akausoma uso wangu, kisha akaanza kulia.

Ulikuwa mpira wa kumwagilia bustani.

Leo asubuhi nimerudi pale nikahesabu hatua kutoka ulipolala mpira hadi mlangoni. Kumi na nne. Mimi mama mtu nilimwacha mwanangu hatua kumi na nne nyuma yangu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini mimi sijawahi kuumwa. Nyoka hai sijawahi kumwona kwa karibu maishani mwangu. Hofu hii sikuipata kwa nyoka. Niliipata kwa watu, kwa sauti zao na nyuso zao, tangu nikiwa na umri wa binti yangu.

Sitaki kuwafuga nyoka, wala sijiwekei sharti la kuwapenda. Nataka siku nikimwona nyoka, au kitu nilichodhani ni nyoka, nisimame, nimshike mtoto mkono, nitazame, kisha tuondoke wote wawili. Nitapima mambo mawili: hofu, kuanzia 0 hadi 10, na umbali, kwa hatua zangu mwenyewe.

Siku ya 3. Hofu 7, ikashuka hadi 3.

Nimekuwa nikisoma jinsi wataalamu wanavyoitibu hofu ya namna hii. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alieleza njia yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1958. Mwenye hofu huyapanga yale yanayomtisha kama vipandio vya ngazi, dogo chini na kubwa juu, kisha huyapanda moja baada ya jingine huku mwili wake umetulizwa. Mwaka 1969 Albert Bandura na wenzake walifanya kazi na watu waliowaogopa nyoka hasa, wakalinganisha njia kadhaa. Iliyozishinda nyingine ni ile ya kumtazama mtu mwingine akimshika nyoka hai kwa utulivu, kisha kusaidiwa kumgusa mwenyewe kidogo kidogo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1989, Lars-Göran Öst wa Sweden alionyesha kwamba hofu ya kitu kimoja inaweza kutibiwa katika kikao kimoja kisichozidi saa tatu. Mimi nimechagua mwendo wa polepole. Saa tatu mbele ya nyoka bado siwezi hata kuziwaza.

Kilichonifungua macho ni maelezo ya kwa nini hofu yangu haijachakaa miaka yote hii. Kila ninapokimbia, hofu hushuka palepale. Ubongo unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikoniokoa. Haupati nafasi ya kuona kuwa hata ningebaki, hakuna ambalo lingetokea. Basi kila mbio niliyotimua imekuwa chakula cha hofu ya siku inayofuata.

Ngazi yangu inaanza na mchoro, halafu picha, halafu video isiyo na sauti, halafu nyoka aliye nyuma ya kioo, halafu nyoka katika chumba kimoja nami. Cha juu kabisa ni mkono wangu juu yake. Kanuni ni moja: sishuki wakati hofu inapanda. Nabaki hadi ipungue walau kwa nusu, ndipo nainuka.

Leo nimemaliza mchoro. Kwenye picha nilitumia karatasi: nikaifunika yote, nikaanza kuifunua kutoka mkiani, upana wa kidole kimoja kila dakika. Kichwa nimekiacha kwa siku nyingine.

Siku ya 6. Hofu 8, ikashuka hadi 4.

Picha nzima, pamoja na kichwa. Dakika ishirini. Viganja vimelowa. Mwili ulichoka kuogopa kabla mimi sijachoka kutazama.

Siku ya 8. Sikupima.

Leo sikupanda popote kwenye ngazi. Nimesoma tu, na niliyoyasoma yameubadili mradi.

Miaka ya 1980 huko Marekani, Susan Mineka na wenzake walifanya kazi na kima wa jamii ya rhesus. Waliozaliwa porini waliwaogopa nyoka kupindukia. Waliolelewa maabara hawakuwaogopa. Waliunyoosha mkono kumpita nyoka na kuchukua chakula kilichowekwa upande wa pili. Ndipo hawa wa maabara wakawekwa mahali pa kuwatazama wenzao wa porini wakitishika mbele ya nyoka. Vikao vichache vya kutazama vilitosha. Kima ambaye hajawahi kudhuriwa na nyoka akawa anamwogopa kwa nguvu ileile, na hofu hiyo haikumtoka baada ya miezi.

Kisha watafiti wakaziunganisha picha za video ili ionekane kwamba kima anatishwa na maua. Waliotazama hawakujifunza kuyaogopa maua. Kwa hiyo udongo umelainishwa tangu zamani kwa ajili ya nyoka, si kwa kila kitu. Watafiti wa baadaye wamelisogeza jambo hili hadi kwa binadamu. Lynne Isbell alitoa hoja mwaka 2006 kwamba hatari ya nyoka ni miongoni mwa mambo yaliyoyanoa macho ya jamii ya kima na sokwe, ambayo ndiyo jamii yetu, kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 2017 watafiti waliwaonyesha watoto wa miezi sita picha za nyoka na za samaki, na mboni za watoto zikapanuka zaidi mbele ya nyoka. Hawakulia. Mwili ulizinduka tu, ukakaza macho. Nimefarijika kulijua hilo. Ule mshtuko wa kwanza, wa kufumba na kufumbua, sina haja ya kuuonea aibu. Nimezaliwa nao kama nilivyozaliwa na kope. Lakini hatua kumi na nne zilizofuata nilifundishwa.

Jaribio jingine la Mineka ndilo lililonifanya niweke karatasi chini. Baadhi ya kima wa maabara walioneshwa kwanza mwenzao aliyetulia mbele ya nyoka. Baadaye walipowekwa kumtazama kima mwenye hofu, wengi wao hawakuambukizwa. Utulivu walioutangulia kuuona uliwakinga kama chanjo.

Binti yangu hakuutazama mpira. Alinitazama mimi. Bado ana umri wa miaka minne, na sijui ni mara ngapi ameshaniona nikiruka. Kwa hiyo mradi huu si wangu peke yangu tena, na una haraka kuliko nilivyodhani siku ya kwanza.

Siku ya 11. Hofu 5.

Nimeona sababu ya kuishia shingoni kila nikitazama picha. Ni macho. Hayapepesi. Maisha yangu yote nimeyasoma macho ya nyoka kama ya mtu mwenye kinyongo, anayekukazia bila kuteleza.

Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja la mviringo, angavu kama kioo cha saa, na gamba hilo halifunguki wala halifungi. Akilala, macho yako wazi. Akiogopa, yako wazi. Hana namna nyingine ya kutazama. Siku chache kabla ya kujivua gamba, majimaji hujikusanya kati ya ngozi ya zamani na mpya, jicho likawa na ukungu wa rangi ya maziwa iliyochanganyika na buluu, na haoni vizuri kabisa. Ndizo siku anazokuwa mwepesi wa kujihami, kwa kuwa anaishi nusu kipofu. Kisha ngozi hupasuka kwenye midomo, anaisugua kwenye jiwe au gogo, na anatoka ndani yake kama mguu unavyotoka kwenye soksi inayogeuzwa nje ndani. Vile vioo viwili vya macho vinatoka pamoja nayo. Wanaowatunza nyoka huvikagua kila mara, kwani kikibaki kimoja jichoni huweza kumletea nyoka matatizo.

Nilikuwa sijui hata kidogo kwamba jicho nililoliogopa miaka yote ni sehemu ya ngozi.

Nimeendelea kusoma hadi usiku. Ulimi haugongi mtu wala hauna sumu. Unachota chembe za harufu hewani na ardhini na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa kiitwacho kiungo cha Jacobson. Una ncha mbili kwa sababu njema: harufu ikiwa nzito zaidi upande wa kushoto, nyoka anajua windo limepita kushoto. Anaponitolea ulimi anauliza mimi ni nani. Sikio la nje hana, lakini mitetemo ya ardhi humfikia kupitia taya la chini, ndiyo maana nyayo za mtu humpa taarifa mapema na mara nyingi anakuwa amekwisha kuondoka kabla hatujamwona. Chatu wana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto la mwili wa mnyama hata gizani. Mataya ya chini hayajaungana kidevuni. Yanashikwa na kano inayovutika, na kila upande huenda peke yake, hivyo windo huvutwa ndani kwa zamu, kushoto kisha kulia. Binadamu ana pingili 33 za uti wa mgongo. Nyoka ana zaidi ya 100, na wengine hupita 300.

Duniani kuna karibu aina 4,000 za nyoka. Wenye sumu ni takriban 600. Katika akili yangu walikuwa wote mmoja.

Siku ya 13. Hofu 7, ikashuka hadi 3.

Video. Kumbe kilichokuwa kikinitesa ni mwendo usio na miguu, nao una mantiki. Kuna wa kujipinda kwa kusukuma mawe na vijiti ubavuni. Kuna wa kukunjika na kunyooka kama mtu anayepanda mnazi, kwa wapitao mahali pembamba. Kuna wa kwenda kimshazari juu ya mchanga unaoteleza. Na kuna wa kifutu na chatu, wa kwenda moja kwa moja, magamba ya tumbo yakishika na kuachia ardhi kwa zamu. Huu wa mwisho nimeutazama mara sita mfululizo. Mara ya sita nilisahau kupima hofu.

Siku ya 16. Hofu 10.

Nilikwenda mahali wanapoonyesha nyoka. Nilimweleza kijana aliyetupokea kwamba nataka kukaa mbali na kioo, nisogee mwenyewe nikiwa tayari. Akaitikia. Dakika chache baadaye nikahisi kitu kizito na cha baridi shingoni mwangu. Alikuwa amenijia kwa nyuma na nyoka mikononi, ili wenzangu wacheke.

Nilipiga yowe ambalo sikulijua kuwa ni langu. Nilianguka. Nyoka naye aliangushwa sakafuni.

Sitaandika zaidi leo.

Siku ya 26. Hofu 6 (mchoro).

Siku tisa sikugusa daftari hili. Nimelala vibaya, nimeota vibaya, na katikati ya hayo ndugu mmoja akanitumia video ya nyoka akirukia kamera, akidhani ananichangamsha. Mchoro ulionipa 3 siku ya tatu, leo umenipa 6.

Nimefikiria sana tofauti ya alichonifanyia yule kijana na walichokifanya kina Bandura, kwa maana kwa juujuu vinafanana: mtu, nyoka, mwili wa mwenye hofu. Tofauti ni nani anayeshika usukani. Mtu akisogea mwenyewe, ubongo unajifunza kwamba unaweza. Akishtukizwa, unajifunza kwamba hakuna aliye salama hata akisema hapana. Yeyote mwenye ndugu anayeogopa, iwe nyoka au mbwa au maji, nakusihi usimtupie kile anachokiogopa. Unamrudisha nyuma kwa miezi.

Narudi chini ya ngazi, bila kujilaumu. Naanza na mkia tena.

Siku ya 29. Hofu 4 (picha).

Kuna watu wananiambia, "Usiogope dada, nyoka hana shida." Wananipenda, lakini kauli hiyo si kweli, na mradi unaosimama juu ya uongo utaanguka siku nitakayokutana na fira. Kwa hiyo leo nimeiandikia sumu.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka wenye sumu kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Makadirio yake ni kwamba kila mwaka watu milioni 5.4 hivi huumwa na nyoka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wanaobaki na ulemavu wa kudumu, pamoja na waliokatwa viungo, ni kama mara tatu ya wanaokufa. Wengi ni wakulima, wachungaji na watoto: watu wanaotembea miguu mitupu na walio mbali na hospitali. Mwaka 2019 shirika hilo lilitoa mpango wa kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030. Hofu yangu, basi, haikutoka hewani. Kosa lake ni kutonifundisha chochote cha kufanya.

Sumu kwanza ni ya kuwindia. Nyoka mwenye sumu hawezi kunimeza, na kuitengeneza sumu humgharimu, ndiyo maana wengi huanza kwa kunionya: fira hutanua shingo, kifutu hufoka, koboko hufunua kinywa cheusi tii. Koboko ndiye mwenye mbio kuliko nyoka wengi, na hata hivyo hazidi kilomita 20 hivi kwa saa. Mbio hizo ni za kurudi shimoni. Kuna hata wanaouma bila kumimina sumu. Lakini hilo mtu asilitumie kubahatisha. Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka huko Chicago, aligongwa kidole gumba mwezi Septemba 1957 na boomslang mdogo, nyoka wa mitini wa Afrika. Nyoka alikuwa mdogo, na chonge zake ziko nyuma ya kinywa. Schmidt hakuliona kuwa jambo kubwa, akaenda nyumbani, akaanza kuandika dalili zake moja baada ya nyingine kwa saa zake. Asubuhi alijisikia nafuu. Mchana wake alifariki. Sumu ya boomslang huharibu kuganda kwa damu, na hufanya kazi hiyo polepole. Ameniachia funzo ambalo limo katika shajara yake mwenyewe: kujisikia nafuu si kipimo.

Nimeandika kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati:

Ondoka alipo nyoka, usimfukuze wala kumuua. Mgonjwa atulie, asitembee kama anaweza kubebwa. Vua pete, saa, bangili na nguo ya kubana kabla uvimbe haujaanza. Kiungo kilichoumwa kifungwe banzi kisitikisike. Andika saa. Nenda hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usiweke barafu wala dawa ya kupaka. Sumu ikirushwa machoni, osha kwa maji safi mengi, kisha hospitali.

Picha ya nyoka inasaidia, ikiwa inaweza kupigwa kwa usalama kutoka mbali. Dawa ya kuzuia sumu hutengenezwa kwa kumpa farasi au kondoo sumu kidogo kidogo hadi damu yake itoe kinga, kisha kinga hiyo huchujwa; Albert Calmette wa Ufaransa ni mmoja wa walioianzisha miaka ya 1890. Vital Brazil, wa Brazil, alionyesha baadaye kwamba kinga iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka mmoja haimfai kila aliyegongwa na nyoka mwingine. Daktari anaweza kuzisoma dalili hata bila picha, kwa hiyo hakuna wa kurudi vichakani kumtafuta nyoka.

Nilipomaliza kubandika karatasi nikapima hofu. Nilitarajia ipande. Ilikuwa 4.

Siku ya 37. Hofu 8, ikashuka hadi 3. Umbali: hatua 14, kisha 2.

Nimepata mahali pengine. Anayewatunza nyoka hapa ni mzee mtaratibu ambaye kazi yake nyingine ni kuwatoa nyoka majumbani mwa watu na kuwarudisha porini. Nilimweleza yaliyonikuta. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, hapa hakuna atakayekugusa. Kiti kile pale, kioo kile kule. Ukitaka kukaa pale siku nzima, kaa."

Nikakaa. Nilihesabu hatua kumi na nne kutoka kwenye kioo, nikaweka kiti. Mzee akaendelea na kazi zake, akibadilisha maji, akizungumza nami bila kunitazama, na nadhani alifanya hivyo kwa makusudi. Hofu ilipoanguka chini ya 5 nilisogeza kiti hatua mbili. Saa moja na nusu. Mwisho nilikuwa naweza kuona ulimi ukitoka na kurudi, na nikajishika nikiuwaza ule ulimi kama swali.

Ndani alikuwamo kifutu. Mzee akanionyesha jambo ambalo picha hazikuwahi kunionyesha: jinsi anavyopotea. Niligeuza macho kumtazama mzee, nikarudi kwenye kioo, nikamkosa. Alikuwa palepale. Kifutu hutegemea kutoonekana. Ukimkaribia hatikisiki, akitumaini utampita. Ndiyo maana huwauma wengi, kwani wanamkanyaga. "Huyu," mzee akasema, "hakukimbizi hata siku moja. Wewe ndiye unayemfuata bila kujua." Baada ya hapo aliniambia nisitembee usiku bila tochi, nisitie mkono mahali jicho langu halijafika, na neti ya kitandani ichomekwe chini ya godoro.

Siku ya 45. Hofu 9, ikashuka hadi 2. Umbali: 0.

Nimemgusa.

Mzee alimchagua chatu mdogo, yule mwenye tabia ya kujiviringa kuwa mpira. Hana sumu. Kwanza alimshika yeye mwenyewe nikitazama kutoka mlangoni, kisha nikasogea, nikauweka mkono wangu juu ya mkono wa mzee na si juu ya nyoka, tukakaa hivyo muda. "Usimshike," akaniambia. "Mwache apite."

Lakini chatu hakupita. Mlango uligongwa na upepo, na palepale akajikunja, akajikaza, akakificha kichwa katikati ya mwili wake hata kikawa hakionekani. Akabaki tufe. Mzee akanieleza kuwa ndivyo wafanyavyo wakitishika. Nikamtazama. Nilijua kile alichokuwa akikifanya, maana nimekifanya mara nyingi chini ya shuka. Hofu yangu haikuisha, ila ilipata mwenzake, na nikajikuta nanong'ona nisimshtue.

Dakika saba alikuwa tufe. Kisha pua ikachomoza, ulimi ukatoka, akajikunjua na kunipita mkononi.

Ni mkavu. Nilikuwa tayari kwa utelezi ambao haukuwapo. Ngozi ni laini na kavu, baridi mwanzoni, kisha ikawa na joto lilelile la kiganja changu, kwa sababu mwili wake hauzalishi joto la kutosha, huliazima. Chini ya magamba nilihisi misuli ikifanya kazi mmoja baada ya mwingine. Nililia kidogo. Mzee akajifanya anatafuta kitu rafuni.

Siku ya 52. Hofu 3.

Leo nilikwenda na binti yangu. Nililala nikiiwaza safari hii kuliko nilivyoiwaza ile ya kumgusa, kwa kuwa sasa ni uso wangu ulio kazini.

Alinitazama mimi kwanza, kama nilivyojua atafanya. Kisha akamtazama chatu. Kisha mimi tena. Nilikuwa na hofu, sikuificha kwa tabasamu la uongo, nilipumua polepole na kumwambia, "Namtazama. Nawe mtazame." Akauliza, "Mama, mbona hafumbi macho?" Nikamweleza juu ya kile kioo kidogo. Akauliza tena mara tatu, kwa raha ya kusikia.

Mzee hakumruhusu agonge kioo, na kabla hatujaondoka alimfundisha maneno ya kusema kila akiona nyoka, au akidhani ameona nyoka: simama, rudi nyuma, ita mkubwa. Hakuna kumgusa yeyote, hata mdogo, hata aliyekufa, maana kichwa cha nyoka aliyekufa bado kinaweza kuuma. Binti yangu aliyarudia njia nzima hadi nyumbani.

Siku ya 63.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa ndani, nikamsikia akiita kutoka nyuma ya nyumba. Hakupiga kelele. Aliita, "Mama, nimesimama!"

Alikuwa amerudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo na amenyoosha kidole. Kwenye rundo la matofali ya zamani kulikuwa na kitu cheupe chembamba kimening'inia. Nilimshika mkono. Tulitazama pamoja kwa muda, kitu hakikutikisika isipokuwa kwa upepo. Nikampeleka mlangoni, nikavaa buti, nikachukua fimbo ndefu, nikakivuta hadi mahali palipo wazi. Gamba. Zima, limegeuzwa nje ndani, refu kama mkono wangu. Nilimpigia mzee simu na kumtumia picha. Akasema gamba huvutika likitoka, hivyo mwenyewe ni mfupi kuliko linavyoonyesha, na kwamba hatabahatisha aina kwa picha. Atakuja kesho kutwa asubuhi kulitazama na kuyahamisha matofali, panya wanaojificha humo wakose pa kukaa. Hadi hapo hakuna anayekwenda upande ule.

Tuliliweka gamba juu ya karatasi, mezani chini ya taa. Nilivaa glavu, yeye akakaa mikono mgongoni kama tulivyokubaliana. Nikaigeuza sehemu ya kichwa kuelekea kwenye mwanga.

"Mama," akasema, "kavua hadi macho."

Vilikuwapo vyote viwili.

Hofu: 4. Umbali: nimekumbuka sasa hivi, nikiandika, kwamba sikuhesabu.